Riyadh na lawama zinazowaangukia wachezaji wa tenisi

Tangu 2024, wanawake wanane waliovuna pointi nyingi zaidi za msimu katika tenisi hukutana Riyadh kila Novemba kuwania fainali za WTA, chama cha tenisi ya wanawake, kwenye uwanja mgumu wa ndani wa Chuo Kikuu cha Mfalme Saud. Lawama nazo huwafuata huko huko: kwamba wameuza utu wao kwa fedha za mafuta.

Wanaolaumu wana hoja nzito. Januari 2024, kabla mkataba haujatangazwa, magwiji wa zamani wa tenisi Chris Evert na Martina Navratilova waliandika katika gazeti la Washington Post kwamba kuyapeleka mashindano haya Saudi Arabia ni kurudi nyuma. Loujain al-Hathloul, mwanaharakati wa Saudi Arabia, alikamatwa Mei 2018, wiki chache kabla wanawake wa nchi hiyo hawajaruhusiwa kuendesha gari, haki aliyoipigania yeye mwenyewe, na hakutoka jela hadi Februari 2021. Mchezaji Daria Kasatkina, ambaye hafichi kwamba mwenzi wake ni mwanamke, alisema amehakikishiwa usalama wake. Lakini hakikisho la mgeni maarufu halimsaidii raia wa kawaida. Na sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kusimuliwa. Tunawajua mabinti wa Kenya na Uganda waliokwenda huko kufanya kazi za ndani, mwajiri akawashikia pasipoti, na wengine wakarudishwa kwao ndani ya jeneza.

Hayo yote nayakubali. Ninachopinga ni kuwabebesha mzigo huo wachezaji, kana kwamba walikuwa wamekaa kwenye neema wakaondoka kwa tamaa. Historia ya miaka michache iliyopita inasema vingine.

Mwaka 2019 fainali hizi zilichezwa Shenzhen, China, kwa zawadi ya jumla ya dola milioni 14, na mkataba ulikuwa wa miaka kumi. Ashleigh Barty peke yake aliondoka na dola milioni 4.42. Kisha ikaja korona. Na Novemba 2021 Peng Shuai, aliyewahi kuwa namba moja duniani kwa wachezaji wa jozi, akaandika mtandaoni kwamba Zhang Gaoli, naibu waziri mkuu wa zamani wa China, alimlazimisha kufanya naye ngono. Andiko halikudumu hata saa moja, likafutwa. Mwenyewe akawa haonekani.

WTA ikadai uchunguzi wa kweli, na 1 Desemba ikasimamisha mashindano yake yote China. Ilijua inachokipoteza. Je, nani aliifuata? Chama cha wanaume, ATP, hakikusimamisha chake. Kamati ya Olimpiki ilizungumza na Peng kwa video, na Februari 2022 Michezo ya Majira ya Baridi ikafanyika Beijing kama ilivyopangwa.

Tazama sasa zawadi za fainali zilivyokwenda. Guadalajara 2021, baada ya korona kuivuruga ratiba: milioni 5. Fort Worth, Texas, 2022, China ikiwa imesimamishwa: milioni 5 tena, mbele ya viti vingi vitupu. Cancún 2023: milioni 9. Kutoka 14 hadi 5! Hiyo ndiyo bei ya msimamo, na walioilipa ni wachezaji. Hao waliowapongeza kwa ushujaa, wenye viwanja na benki na kampuni kubwa za Ulaya na Marekani, hawakujitokeza vya kutosha kuziba pengo.

Cancún nayo iangaliwe kwa karibu. Mwenyeji alitangazwa yapata miezi miwili tu kabla ya mechi ya kwanza. Uwanja wa muda ulikamilika dakika za mwisho, wachezaji wakaujaribu siku moja kabla ya kuanza. Aryna Sabalenka akalalamika hadharani kwamba hajisikii salama kukimbia juu yake. Upepo ulikuwa ukiuchukua mpira hewani, mvua ikakatiza nusu fainali, na fainali ikasogezwa hadi Jumatatu, ambapo Iga Swiatek alimshinda Jessica Pegula 6-1, 6-0. Haya ni mashindano makubwa ya kufungia mwaka, na hayakuwa na pa kulala.

Riyadh ilikuja na mkataba wa miaka mitatu, hadi 2026, na dola milioni 15.25 kwa mwaka wa kwanza, sawasawa na walichopewa wanaume katika fainali zao za Turin mwaka ule. Coco Gauff alimshinda Zheng Qinwen kwa seti tatu akapata milioni 4.805. Mwaka uliofuata Elena Rybakina, bila kupoteza mechi hata moja, alichukua milioni 5.235. Ni kweli kwamba siku za mwanzo za 2024 viti vingi vilikuwa wazi, na hilo ni doa.

Linaloniuma ni vipimo viwili. Wiki mbili hivi kabla ya fainali hizo za kwanza, wanaume sita walikuwa Riyadh hiyo hiyo kwa mashindano ya maonyesho. Jannik Sinner alicheza mechi tatu, akalipwa dola milioni 6. Rafael Nadal alikuwa ameshakuwa balozi wa Shirikisho la Tenisi la Saudi Arabia tangu Januari. Walikosolewa, ndiyo, lakini hakuna aliyewaambia kwamba wameisaliti jinsia yao.

Halafu kuna mfuko wa uzazi. Machi 2025 WTA ilianza kuwalipa wachezaji wanaojifungua likizo ya hadi miezi 12, na zaidi ya wachezaji 320 wanaweza kunufaika. Kabla ya hapo, asiyecheza hakulipwa. Fedha hizo zinatoka kwa PIF, mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Saudi Arabia. Mtu anaweza kusema ni fedha za kusafishia jina, nami sitabishana naye. Lakini mchezaji wa nafasi ya 150 duniani anayetaka kupata mtoto, nani mwingine alikuwa amemwekea senti?

WTA yenyewe siiachi huru. Ilimtetea Peng Shuai kwa jina, mbele ya dunia nzima, dhidi ya serikali ya nchi iliyokuwa ikiiingizia fedha nyingi. Al-Hathloul, hata baada ya kutoka jela, alizuiwa kusafiri nje ya nchi. Huyo naye atajwe kwa jina, Riyadh, wakati wa kukabidhi kombe.