Plagini ya Kwanza Iwe Ile Isiyogusa Sauti

Ingia studio yoyote ya chumbani hapa Arusha, iwe Ngarenaro, Kijenge au Unga Limited, mwombe produsa akufungulie orodha ya plagini zake, yaani vile vijiprogramu vinavyoongezwa ndani ya programu ya kutengenezea muziki. Atashusha kipanya mpaka ukinai. Kompresa za kila rangi, ikwalaiza zilizochorwa zifanane na mashine za Kiingereza za miaka ya 1970, riveb za makanisa makuu ya Ulaya. Sehemu kubwa ni za kukraki, zimetoka kwenye flashi ya mshikaji aliyezitoa kwenye flashi ya mshikaji mwingine. Sasa mwulize mita yake, plagini ya kupimia sauti, iko wapi. Hana.

Nitasema bila kuzunguka, na najua kuna machalii watanuna: plagini ya kwanza kuiweka kwenye chaneli ya masta, pale wimbo mzima unapopitia mwishoni, ni ile isiyobadilisha sauti hata chembe. Inasikiliza, inakuonyesha ilichosikia, basi. Futi ya fundi cherehani haishoni, lakini nani atamkabidhi kitambaa cha sendofu fundi asiye nayo?

Vyumba vyetu vinadanganya, na hilo ndilo tatizo kubwa kuliko kompyuta mbovu. Chukua chumba cha kupanga cha futi kumi kwa kumi, mita tatu na kidogo toka ukuta hadi ukuta. Kwenye joto la nyuzi 20, sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Wimbi ambalo nusu yake inatosha kamili kwenye chumba hicho lina urefu wa mita sita na ushee, na ukigawanya mwendo wa sauti kwa urefu huo unaangukia hezi 56 hivi, yaani mitetemo 56 kwa sekunde. Hapo ndipo kiki, ile ngoma nzito ya chini, na besi zinapoishi. Sauti ya hezi hizo hujaa ukutani na kufifia katikati ya chumba. Tena kwa kuwa chumba ni mraba, urefu na upana vyote vinavutia palepale. Produsa aliyeweka kiti katikati haisikii kiki vizuri, anaiongeza. Bado, anaongeza tena. Wimbo ukija kupigwa kwenye haisi ya Sakina yenye spika chini ya kiti, abiria wanatetemeshwa miguu na maneno hayasikiki.

Zile trei za mayai ukutani hazitibu hili. Zinapunguza kidogo ukali wa sauti za juu, ila wimbi la mita sita halizuiliwi na karatasi yenye unene wa vidole viwili. Picha ya Instagram inatoka vizuri, hilo nakubali. Ukijaza kona za chumba vitu vinene na vizito utapata afadhali, lakini mwenye nyumba ana maneno, na wengi wetu tunahamahama.

Ndiyo maana naipenda mita iitwayo SPAN ya kampuni ya Voxengo, ambayo ni ya bure kabisa, huna haja ya flashi ya mtu. Inachora sauti yako kuanzia hezi 20 mpaka 20,000. Weka kwanza wimbo unaouamini, ule unaopiga vizuri kwenye gari, simu na ukumbini, utazame upande wa chini umekaaje. Kisha weka wako. Ukiona hezi 56 zimesimama juu ya kila kitu wakati masikio yanakuambia kiki haitoshi, basi anayesema uongo ni chumba. Angalizo tu: mchoro wa SPAN umeinamishwa makusudi, desibeli 4.5 kwa kila oktava (kila hezi zinapoongezeka maradufu), kwa sababu muziki mwingi una nguvu nyingi chini kuliko juu. Ukifungua kipimo cha programu nyingine ukakuta mstari unateremka upande wa kulia, usikimbilie kuongeza treble.

Simaanishi tumiksi kwa macho. Nimewaona vijana wanaokata na kuongeza mpaka mchoro wao ufanane na wa msanii mkubwa, wakati huyo msanii anaimba juu ya gitaa na wao wana singeli. Huo ni ujinga wa aina nyingine.

Kuna sababu ya pili, na hii ndiyo inayowauzia watu plagini. Sikio linapenda kelele. Watafiti Fletcher na Munson wa Marekani walionyesha tangu mwaka 1933 kwamba sauti ikipanda, sikio linasikia besi kwa uwiano mkubwa zaidi. Sasa plagini nyingi, ukiiwasha tu, inapandisha sauti kidogo, labda desibeli moja. Unaona wimbo umejaa, umenona, umekuwa na joto. Unaizima, unaona umekonda. Unaamua kwamba hii plagini ni hatari. Shusha sauti yake mpaka ilingane na ilivyokuwa kabla, kwa mita na si kwa kukisia, halafu sikiliza tena. Nusu ya ule uchawi haitakuwepo. Bila kipimo huwezi kujua kama hizo plagini zako nyingine zinafanya kazi au zinakupandishia sauti tu.

Na kama unadhani upimaji ni wa watu wasiojua raha ya muziki, Auto-Tune unayoitumia kila siku ilitoka mwaka 1997 kwa Andy Hildebrand, mtu aliyekuwa akichambua mawimbi ya sauti yanayopenya ardhini ili kutafuta mafuta. Hesabu zilezile ndizo zilizohamia kwenye koo za waimbaji.

Tuje kwenye ukubwa wa sauti, maana hapa ndipo ugomvi ulipo. Kipimo kinachotumika siku hizi ni LUFS, kilichotokana na kanuni ya shirika la mawasiliano la ITU ya mwaka 2006. Kinapima jinsi sikio linavyousikia wimbo, si kilele chake tu. Namba zake ni za hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo wimbo ulivyo mkubwa. Spotify kwa mpangilio wake wa kawaida inalenga LUFS -14. YouTube nayo inazishusha nyimbo zilizozidi. Kwa hiyo ukiubana wimbo kwa limita, plagini inayozuia vilele ili wimbo wote upandishwe, mpaka -7, Spotify inaushusha desibeli saba, na kinachobaki ni ule ubanaji wenyewe: kiki haina pigo, vokali inahema. Wimbo wa jirani ulioachwa upumue unasikika mkubwa kuliko wako.

Lakini sikubaliani pia na wanaokariri -14 kutoka video za Wamarekani. Muziki wa hapa haukai kwenye Spotify peke yake. Unapigwa kutoka kwenye flashi ya daladala, spika ya bodaboda, kompyuta ya DJ pale kwenye baa, na huko hakuna anayesawazisha chochote. Wimbo wa -14 ukifuata baada ya wimbo wa -8, watu wanadhani spika imekufa. Mimi nawashauri wakae kama -9 au -10 kwa bongo fleva, na kilele wasikivushe desibeli -1, kwa sababu faili ikigeuzwa kuwa MP3 au ikitumwa WhatsApp vilele huongezeka na kuanza kukwaruza. Youlean Loudness Meter ina toleo la bure na inaonyesha yote mawili. Anayetaka kubishana na hiyo -9 tubishane, ila aje na namba zake.

Kwa wanaorekodi kwaya, kuna mshale mdogo ambao wengi hawauangalii: ule wa uwiano wa kushoto na kulia, unaotoka -1 mpaka +1. SPAN inao. Produsa anataka sauti ya pili na ya tatu zitanuke, anaweka plagini ya kupanua stirio, kwenye hedifoni ni mbinguni. Mshale unaelekea -1. Kanda inafika kanisani, mfumo wa pale ni mono, kushoto na kulia zinajumlishwa na kufutana, na wale wanawake wa alto hawasikiki kabisa. Mwalimu wa kwaya atamlaumu fundi mitambo, maskini, ambaye hajafanya lolote.

Hela ya plagini ya dola mia mbili? Kama unatumia FL Studio, ikwalaiza na limita zilizomo ndani yake zinatosha kumaliza wimbo, na ukiinunua kihalali unapata matoleo mapya bila kulipa tena. Hela iliyobaki nunua hedifoni nzuri.

Mteja naye ana haki yake. Akiniambia, "Kaka, ya yule jamaa inapiga zaidi," sibishani naye. Naingiza wimbo wa jamaa kwenye programu, naushusha mpaka mita zilingane, kisha nampigia zote mbili bila kumwambia ipi ni ipi. Kuna siku anachagua yetu, anacheka. Kuna siku ya jamaa inapiga kweli, na hapo limita haina msaada: tunaizima, tunafungua miksi, tunaanza kutafuta kiki nyingine.