Homa Yangu Imeonekana Laivu

Nieleweke vizuri: mimi si mwongo. Juzi niliandika kwenye kundi la kamati ya harusi kwamba nina homa, na homa nilikuwa nayo, ila ya mfukoni. Tarehe 24 mtu anadaiwa elfu hamsini, asiumwe kwa nini?

Na harusi yenyewe ni ya nani? Mtoto wa binamu ya shemeji yangu. Sijawahi kumtia machoni. Niliingizwa kundini usiku nimelala, nikaamka mjumbe. Kila siku baada ya sala ya alfajiri katibu anaweka orodha: jina, ahadi, alicholipa. Mbele ya jina langu kuna BADO, kwa herufi kubwa, kama nimesomewa hukumu. Tiki za bluu nilizizima zamani, maana tangu WhatsApp watuletee balaa hilo mwaka 2014, kusema "sijauona ujumbe wako" imekuwa kazi ya wenye roho ngumu. Kumbe kwenye kundi hazizimiki! Katibu anabonyeza tu, anaona nimesoma saa ngapi na dakika ngapi. Ndipo ikanilazimu kuugua.

Pole zikamiminika. Shangazi wa Muheza akatuma voisi ya dakika saba, nne kati ya hizo ni jogoo wake anawika.

Leo asubuhi nikajisemea mgonjwa naye hula. Nikapanda baiskeli kama mwana-Tanga yeyote mwenye heshima zake, kutoka Ngamiani mpaka mnadani Deep Sea. Mnada umekolea, dalali sauti imemkauka, kapu la changu liko chini, na mama lishe mmoja ananipandishia bei kana kwamba tuna ugomvi wa zamani. Pembeni kuna kijana kasimama juu ya kreti, anaongea peke yake huku anacheka. Nikamwonea huruma, mtoto mdogo vile, keshachanganyikiwa. Kumbe yuko laivu! Anawauzia samaki watu wa Arusha na Dodoma.

"Wapendwa, changu wa leo hawa, macho bado yanapepesa!"

Samaki hana kope, anapepesaje? Lakini nani atambishia mwenye wafuasi?

Mimi huku nimefika elfu ishirini na mbili, noti nimezinyanyua juu, vifungo vya shati viwili vimekatika, napiga kelele kwa sauti ambayo mtu mwenye homa hana. Mama lishe akasonya, akasusa. Kapu langu! Hapo simu ikanigeukia.

"Mgosi, hebu salimia watazamaji!"

Mtu mzima, baba wa watoto watatu, ningegeuza uso nikaenda zangu. Sikugeuza. Nikatabasamu. Nikapunga mkono. Kijana akasema "tuonyeshe mzigo", nikachomoa changu mkubwa kuliko wote nikamweka shavuni kama tunapiga picha ya pasipoti, mimi na yeye. Sijui nilitumwa na nani. Mbele ya kamera akili yangu hutokea kupitia meno.

Changu hawajamaliza kuchuruzika maji kwenye keria, video imeshafika kundini. Shangazi wa Muheza ndiye wa kwanza: "Huyu si Baba Zulfa? Alhamdulillahi, kapona." Basi. Hakuongeza neno. Angenitukana ningepumua. Katibu akaandika "22,000" na nukta. Mweka hazina akaja na yake: "Na sisi tulikuwa tunamchangia dawa."

Walikuwa wananichangia! Kumbe kuna kundi la pembeni, limefunguliwa kwa ajili ya maradhi yangu, lina elfu thelathini na tano. Zote zimehamishiwa kwenye harusi. Kwa jina la nani? La kamati. Homa yangu, jina langu, jasho langu la kuugua, halafu kwenye orodha mimi bado ni BADO! Huo ni uungwana gani jamani?

Jioni Zulfa ananijia na daftari, ana mdahalo shuleni: mitandao ya kijamii ina faida nyingi kuliko hasara. Yuko upande wa faida, anataka hoja. Siku zote mwalimu alikuwa wapi mpaka aichague leo? Nikameza mate, nikampa ya kweli: baba yako mdogo yuko Maskati, na bibi anamwona uso kila Ijumaa. Zamani tulirekodi salamu kwenye kaseti, tukangoja msafiri. Akauliza, "Na hasara, baba?" Nikamwambia hizo atazipata kundini, admini amuongeze.

Nimebaki namfikiria silikanti, yule samaki wa kale. Wataalamu walijua katoweka pamoja na madainosa, mpaka akanaswa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Wavuvi wetu wa Tanga wakaanza kumvua miaka ya 2000, naye sasa ana hifadhi yake ya bahari. Miaka zaidi ya milioni sitini amejificha mapangoni na hakuna aliyeona kasoma saa ngapi. Ila leo akitokeza pua hapo Kigombe, yule kijana wa kreti atamwambia mgosi salimia watazamaji.

Ngojeni, kuna hodi. Sauti ni ya mweka hazina, na changu ndiyo kwanza wanageuzwa kikaangoni.