Kutapisha vyoo Mwanza, kosa lipo ila shimo litachimbwaje kwenye jiwe?

Mvua kubwa ikipiga usiku, asubuhi wimbo ni uleule: watu wa milimani wametapisha vyoo tena, yaani wamefungulia kinyesi kiende na maji ya mvua, wapigwe faini, wanatuharibia Ziwa Victoria. Na kweli, simama pale darajani Mirongo saa kumi na mbili asubuhi, maji meusi, pampasi zinaelea na mengine siyataji watu hawajanywa chai, na mto wote ule unamwaga ziwani tunakochota. Kipindupindu hakichagui mtaa, anayelalamika ana haki.

Ila panda Mabatini au Igogo kule juu uone. Mtu anachimba choo, futi tatu nne sururu inagonga mwamba inatoa cheche, basi anainua ukuta wa tofali juu ya jiwe, shimo fupi, wapangaji wengi, linajaa chap. Gari la kunyonya majitaka halipandi ngazi za mawe, hata bodaboda anakushushia chini. Sasa mvua ikianza anazibua tundu la pembeni. Afanyeje?

Halafu sisi wa bondeni tukiokota chupa ufukweni tunapiga picha. Sawa, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, na chupa vijana wanaziuza kwa kilo. Lakini uchafu unaoua samaki hauokoteki jamani! Kinyesi, mbolea ya shambani, udongo wa vilima visivyo na miti, vyote vinaleta naitrojeni na fosforasi, gugumaji linanenepa, mwani unashiba mpaka maji yanakuwa kijani kama mlenda, ukifa unazama, bakteria wanauozesha wanamaliza oksijeni kule chini. Siku upepo ukiyapindua maji, yale yasiyo na hewa yanapanda, samaki wa porini anaweza kukimbia, sato anayefugwa kwenye kizimba cha nyavu humo ziwani atakimbilia wapi, asubuhi wote tumbo juu na mkopo wa mfugaji uko palepale. Na fosforasi ikishalala kwenye tope haijaisha, inarudi tena majini miaka na miaka.

Faini mtu atalipa, mvua ijayo shimo limejaa vilevile. Kilichonishawishi mimi ni yale mabomba madogo ya majitaka yanayopenyezwa katikati ya mawe, nyumba kadhaa zinaungana laini moja, baadhi ya mitaa ya hukohuko milimani imeshayapata. Aliyeungwa hana sababu ya kusubiri mvua, huyo akitapisha mpigeni faini hata mbili.