Mashine ina fundi, mama wa njiti ana nani?

Wiki iliyopita wifi yangu aliambiwa, "Mama, acha kulia, maziwa yatakata." Aliyesema ni muuguzi wa wodi ya njiti, watoto waliozaliwa kabla ya wakati, hospitali moja hapa Moshi, jina nalihifadhi. Akasema, akaenda zake kwa mtoto mwingine. Mimi hasira hazijaniisha mpaka leo.

Haya, muuguzi hakudanganya. Mama mwenye mawazo maziwa humtoka kwa shida. Tena zamu ile alikuwa peke yake, watoto wamejaa. Nampa haki yake, shingo upande. Lakini njoo umwone wifi. Kila baada ya saa tatu anakaa kwenye benchi na kikombe, anakamua mpaka vidole vinamuuma, anapata matone ya kulowesha kitako cha kikombe tu. Akigeuka, mama wa pembeni kajaza nusu. Hapo ndipo machozi yanapoanza. Anahitaji mtu wa kukaa naye dakika kumi: amwambie hayo matone ya manjano ya mwanzo mtoto wake anayahitaji kuliko kitu kingine, amwelekeze mkono uanzie wapi, amuulize jana kalala wapi na kama leo ametia kitu tumboni.

Mtu huyo ndiye ninayemdai, na awe ameajiriwa kwa kazi hiyo. Asiwe mama yangu. Mama alishuka kutoka Kibosho na themosi ya mtori, Mungu ambariki, halafu akamuuliza mkwewe mbele ya wodi nzima, "Hivi wewe ulibeba nini kizito?"

Kinachonichoma zaidi ni kwamba mama mwenyewe ndiye tiba. Njia ya kangaruu ilianza Bogotá, Colombia, mwaka 1978, kwa sababu mashine za joto hazikutosha, madaktari wakamweka mtoto kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi. Leo Shirika la Afya Duniani linataka njiti akae hapo saa 8 hadi 24 kwa siku. Saa 24! Mashine ya oksijeni ikigoma, fundi anaitwa mbio. Mama akigoma anaambiwa asilie. Na mwongozo wa shirika hilohilo wa mwaka 2022 umeitaja familia waziwazi: wazazi wapewe elimu, ushauri nasaha, maandalizi ya kurudi nyumbani, wakutanishwe na wazazi wenzao waliopitia hayo. Sisi tumebeba kipande cha kifua, mengine tumeyaacha kwenye karatasi.

Ikifika 17 Novemba, Siku ya Njiti Duniani, tutavaa zambarau, tutapiga picha, tutagawa pampasi za kumtosha mtoto anayetambaa. Hongereni.

Likizo sina ugomvi nayo. Mei Mosi ya 2024, pale Arusha, ilitangazwa kwamba muda wa uangalizi wa njiti usihesabiwe ndani ya likizo ya uzazi, na baba naye apate siku 7. Doris Mollel, ambaye mwenyewe alizaliwa njiti, alilipigania sana suala hili, na ninamshukuru. Ila wifi yangu anauza mitumba soko la Memorial. Likizo akaombe kwa nani?

Na kina baba jamani. Kaka yangu kazi yake ni kutumwa duka la dawa na kulipia bili. Hakuna aliyemwambia kuwa kifua chake nacho kina joto, kwamba anaweza kumfunga mtoto kangaruu mkewe akalala hata saa mbili. Nimemwambia mimi, na mimi ni mwalimu wa jiografia.

Sasa mtoto anaongezeka gramu, tumeanza kusikia habari za kuruhusiwa, na hofu ndiyo imezidi. Ndani ya wodi kuna mtu wa kupiga kelele mtoto akisahau kupumua, nyumbani kuna sisi. Nani atamweleza wifi kwamba asimlinganishe na mtoto wa jirani, kwamba hesabu ya kukaa na kutambaa inaanzia tarehe aliyotakiwa kuzaliwa? Nani atamkumbusha kumpeleka akapimwe macho? Wampe basi namba moja ya simu inayopokelewa saa nane za usiku, na anayepokea awe anamjua huyu mtoto, asianze kutuuliza namba ya faili.