Hata Siti alisemwa
Mwandishi wa makala niliyosoma juu ya msanii mmoja wa rap anasema msanii kulalamikia macho ya watu ni jambo jipya, eti limeletwa na simu na Instagram. Hapo mie sikubali. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa hapa Zanzibar, katoka kijiji cha Fumba, muuza vyungu, akafika hadi Bombay kurikodi santuri mwaka 1928, na jina lilipokua watu wakamtungia maneno: sura yake, asili yake, hata kaniki alizovaa. Akawajibu kwa wimbo. Sasa huyu wa rap kafanya nini ambacho taarabu haikufanya? Tofauti ni kasi tu, na hiyo kasi kweli inauma. Mdogo wangu anaimba Zenji Fleva, muziki wa vijana wa hapa Zanzibar, nyimbo mbili zimepigwa redioni, basi. Siku moja kasimama Darajani, sokoni mjini, anakula urojo, mtu kampiga picha, na hajamaliza bakuli mama keshaulizwa na jirani kule Fuoni kwa nini msanii mzima anapanda daladala. (Watu wanadhani kusikika redioni ndiyo pesa!) Na kisiwa chenyewe ndio hiki kidogo cha Unguja, ukipita barazani wazee wa kahawa wanajua wewe mtoto wa nani na ulisoma chuo gani cha Kurani. Wa Dar akichoka anahamia mtaa mwengine. Wa kwetu ahamie wapi, Pemba? Huko ndiko wanamjua zaidi, bibi yake ni wa Wete. Kuna msanii wa hapa nyumbani aliyewahi kuandika mistari juu ya mama yake kusimangwa kwa sababu yake? Mnijuze.