Mama Neema Wawili na Kanzidata Moja

Kampuni niliyokuwa karani wake, jijini Dodoma, ilikuwa ikikamua alizeti na kuuza mafuta kwa ndoo na mashudu kwa gunia, na madeni ya wateja wote yalikaa ndani ya kaunta buku lililokuwa mikononi mwangu. Bosi wetu alilichoka kaunta buku hilo siku alipoona kompyuta ya jirani yake wa biashara ikiwataja wadaiwa wote kwa kubonyeza mara moja tu, akatangaza kwamba nasi lazima tuwe na kanzidata, yaani kumbukumbu zilizopangwa ndani ya kompyuta. Kazi akampa kijana aliyetuchorea lebo za ndoo, kwa hoja kwamba lebo zilipendeza na bei yake ilikuwa ya kindugu.

Nilimweleza bosi kwamba mpaka rangi siye anayepewa kazi ya kuchimba msingi wa nyumba. Akanijibu kwamba sisi watu wa kaunta buku hatupendi maendeleo.

Kijana alijituma, hilo siwezi kumnyima. Mfumo ulipofunguliwa, ua la alizeti lilizunguka taratibu katikati ya skrini, salamu ya Kigogo “Mbukwenyi” ikajitokeza kwa herufi za dhahabu, na kinanda kikalia kidogo kabla hujaruhusiwa kuandika chochote. Kikao kizima cha ofisi kilijadili iwapo njano ya ua ifanane na njano ya mafuta. Namba za simu zilipoingia bila sifuri ya mwanzo, kwa sababu jedwali la Excel lilizichukulia kuwa kiasi, na sifuri iliyotangulia kiasi haina thamani, alizirekebisha siku hiyo hiyo, nami nikaanza kumwamini.

Jambo ambalo hakuna aliyeliuliza ni mfumo utamtambuaje mteja. Kijana alichagua jina. Tangu mwaka 1970, Edgar Codd wa kampuni ya IBM alipochapisha makala yake kuhusu kupanga data katika majedwali, mafundi wa kazi hii wamekuwa wakihakikisha kwamba kila mstari una kitambulisho ambacho mstari mwingine hauna; lakini Codd hakuuza mashudu Dodoma, ambako mteja akishajitambulisha kwa jina la mtoto wake, anaona amemaliza. Tulikuwa na Mama Neema wawili (jina nimelibadilisha, kwa usalama wangu). Mmoja alipika chapati Chang'ombe na alibakiza shilingi 12,000 za ndoo ya lita 20. Mwingine alikuwa wakala wa Kibaigwa, mwenye kubeba mashudu kwa Fuso, na deni lake lilifika shilingi 4,600,000. Katika kaunta buku waliandikwa “Mama Neema Chapati” na “Mama Neema Fuso”, na hawakuwahi kugongana. Kijana aliona maneno hayo ya nyongeza yanachafua mpangilio, akayafuta. Mfumo ukawafanya mtu mmoja mwenye simu ya Chang'ombe na deni la Kibaigwa, kisha jioni ukatuma ujumbe wa kukumbusha madeni.

Asubuhi yake Mama Neema wa chapati aliingia getini na guta la kukodi, akifuatana na mpwa wake anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Bosi alitoka kumpokea kwa unyenyekevu wote.

“Karibu uketi, mama, tuyazungumze.”

“Nitaketi juu ya magunia, baba. Mimi sikuja kugombana, nimekuja kuchukua mashudu yangu. Ujumbe wenu ameusoma mume wangu kabla yangu, na usiku kucha ameniuliza ng'ombe wanaokula mashudu ya milioni nne na laki sita nimewaficha wapi.”

Mpwa akaongeza, kwa sauti ya mtu aliyetoka kufanya mtihani wa somo hilo, kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayetunza taarifa za watu ahakikishe kuwa ni sahihi. Bosi alimtazama kijana, kijana akaitazama skrini, ua likaendelea kuzunguka. Wakati huo mwenye guta, ambaye alilipwa kubeba na si kusikiliza sheria, alikuwa amekwisha kupakia magunia matatu.

Kushusha yale magunia kulichukua muda mrefu kuliko kuyapakia. Mama Neema alisamehewa zile 12,000, akapewa ndoo ya mafuta, lakini hakuondoka mpaka nilipomwandikia barua rasmi, yenye muhuri wa kampuni, ya kumthibitishia mumewe kwamba mkewe hana ng'ombe. Wakala wa Kibaigwa, kwa upande wake, alipiga simu kuuliza anadaiwa kiasi gani. Msichana wa mapokezi akaitafuta namba yake kwenye mfumo, hakuiona, akamwambia hana deni. Mama alishukuru haraka sana akakata simu. Kaunta buku ndilo lililomrudisha, baada ya mabishano ambayo sitayaeleza hapa.

Mwisho wa mwezi kijana alikuja kudai salio la malipo yake. Bosi alimwambia afungue mfumo wake ajitafute mwenyewe. Akaandika jina lake la kwanza, ambalo Dodoma nzima kila duka lina kijana wa kuliitika. Kinanda kikalia, akakaribishwa kwa “Mbukwenyi”, kisha akajulishwa kwamba anadaiwa ndoo nne za mafuta na atakumbushwa jioni.