Daktari wa Kigoma asome fasihi?

Hoja ya kuwafundisha wanafunzi wa udaktari fasihi na sanaa ina wafuasi wengi huko ng'ambo. Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kina programu iliyoanzishwa na daktari Rita Charon, inayowafunza matabibu kusikiliza simulizi ya mgonjwa. Chuo Kikuu cha Yale, nacho cha Marekani, kiliwapeleka wanafunzi wa udaktari makumbusho kutazama michoro. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kuwa walieleza walichokiona kwenye picha za wagonjwa vizuri kuliko wenzao.

Wanaopinga wana hoja nzito. Shahada ya udaktari hapa Tanzania ni miaka 5, kisha mwaka 1 wa mafunzo kazini, na ratiba imeshajaa. Kipindupindu kilipozuka kijiji cha Kagunga, Kigoma, mwaka 2015 kati ya wakimbizi wa Burundi, kilichohitajika ni dripu, ORS (dawa ya kunywa ya kurudisha maji na chumvi mwilini) na maji safi. Shairi halizuii kuharisha. Tena Yale walipima jinsi wanafunzi wanavyotazama, hawakupima kama mgonjwa alipona.

Lakini shuka mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma. Mvuvi wa dagaa anavua usiku wa giza. Mbalamwezi ikitoka, anapumzika na kushona nyavu. Mwezi wake unakwenda hivyo. Sasa akifika zahanati na tumbo, akaulizwa limeanza lini, anaweza kujibu, "Tangu giza la juzi." Tabibu mwenye foleni mlangoni ataandika siku 2, atampa dawa ya kuharisha, aite mwingine. Anayejua kusikiliza atauliza tena, agundue kwamba ni kipindi cha giza kilichotangulia hiki, yaani mwezi na zaidi, na kwamba huyu mtu anashinda ndani ya maji ya Tanganyika. Huyo ni wa kupimwa kichocho. Maabara ni ileile, choo cha kupimwa ni kilekile. Kilichopungua ni swali la pili.

Kwa hiyo niko upande wa sanaa, ila nusunusu. Somo jipya lenye mhadhiri na mtihani silitaki: litakaririwa kama anatomia (kukariri tunakuweza) na kusahaulika likizoni. Bora mwanafunzi akae na mgonjwa mmoja, kwa ridhaa yake, kisha asimulie kisa chake mbele ya wenzake, mgonjwa akiwepo kumsahihisha.

Gharama yake ni muda, na wodi yenye muuguzi mmoja usiku haina muda wa kugawa. Ndiyo maana ningeanzia chuoni, kabla hawajakutana na foleni, na wavuvi wenyewe waitwe kufundisha, walipwe posho kama mwalimu mwingine yeyote.